Mama wa Kwenye Simu

Kadidja alikuwa muuguzi, tena muuguzi asiyebembeleza. Siku za chanjo, mama akija kulalamika kwamba mwanawe siku hizi anapiga kelele akibebwa na mgeni, humjibu, "Furahi. Akili imekua, ameanza kujua watu wake." Kisha humwita anayefuata.

Raisa, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miezi minne kipindupindu kilipoingia Kabonga, na Kadidja akapangiwa kazi huko, kwenye mahema ya wagonjwa. Hakusitasita. Mtoto hapelekwi penye kipindupindu, na anayetoka katika mahema yale haji kumbeba mtoto. Alimwachisha ziwa, akamkabidhi kwa mama mkwe wake, Bi Kulthumu, mkamuaji wa mawese hapa Rumonge, akaenda zake. Maziwa yaliendelea kumtoka na kulowesha koti la kazi, mpaka yakachoka yenyewe.

Kila jioni alipiga simu. Bi Kulthumu aliongeza sauti ya simu, akamsogezea mtoto, na Kadidja akamwita kwa kuimba: "Raisa, Raisa wa mama." Habari nazo alizipata humo humo: anakaa peke yake, jino limechomoza, anatambaa kinyumenyume kama kaa, anasema "baba" kutwa nzima, na huyo baba, Zubeir, yuko ziwani anavua. Neno "mama" bado hajalitamka. Kadidja alicheka, akakata simu, akarudi kwa wagonjwa.

Ugonjwa ulipokwisha, Raisa alikuwa na miezi tisa. Kadidja alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikamuwasha, akapanda gari. Alimkuta uani, mgongoni kwa bibi yake, ndani ya mbeleko. Akanyoosha mikono.

Raisa akamtazama. Mdomo ukapinda. Akalia kilio cha mtu anayeibwa, akajificha shingoni mwa bibi.

"Mutoto iko na usingizi tu, Mama Raisa," alisema Bi Kulthumu.

"Usinifiche, mama. Mambo haya mimi ndiye ninayewafundisha wengine."

Walijaribu kila kitu. Kadidja alimpa biskuti, ikatupwa. Bi Kulthumu akavua kitenge chake, kile kilichojaa harufu ya mawese, akamfunga nacho mkwewe. Raisa alikubali kubebwa, akanusa, akatulia kabisa, na Kadidja akashusha pumzi. Kisha mtoto akainua macho, akauona uso. Akalia upya, mara hii mpaka akatapika.

Jua lilipoanza kushuka, Raisa alitambaa hadi mkekani, ilipokuwa simu ya bibi yake, akaanza kuipigapiga kwa kiganja.

Bi Kulthumu hakutaka kumtazama mkwewe usoni. "Ni saa yako," alisema polepole. "Anakungoja."

Kadidja akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga. Akachungulia pembeni mwa ukuta.

"Raisa, Raisa wa mama."

Mtoto akacheka kwa mwili mzima. Akaikumbatia simu kwa mikono miwili, akailamba, akaiegemeza shavuni.

"Mama," akaiambia. "Mama, mama."

Kadidja akarudisha kichwa haraka, asije akaonekana. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, lakini sauti aliishika isitetemeke. Mgongo ukutani, akaendelea kumwita mwanawe kutoka pale pale, kwa kuwa upande ule mwingine wa ukuta hakuwa mama wa mtu.