Aliyefuta Penseli

Niliwafokea watu wengi siku ile, na sioni haya kusema. Ilikuwa siku ya nane ya kupiga picha, jua linatukimbia dirishani, na mwigizaji wetu mkuu, anayeigiza shujaa wetu Fundi Saa, kila akibanwa na adui yake kwa swali, anashika ncha ya sikio kabla ya kujibu. Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya tatu nikashindwa.

"Kata! Dada, hilo sikio lina nini? Linakuwasha?"

"Si langu, bosi," akajibu. "Ni la Fundi Saa. Anafanya hivyo kwenye vitabu vyako vyote. Nilidhani unajua."

Watu wakacheka. Mimi moyo ulinilipuka. Anifundishe mimi Fundi Saa? Vitabu vinne vya katuni vina jina langu kwenye jalada, filamu nimeiandika mimi, prodyuza ni mimi!

Nilipofika nyumbani nikavitandaza vyote sakafuni. Yule dada hakukosea. Ukurasa wa tatu, sikio. Wa tisa, sikio. Nyuma ya kaunta, juu ya paa, kwenye mvua. Nilihesabu mpaka arobaini na moja nikaacha. Mistari ile yote niliipitishia wino kwa mkono wangu, na sikuwahi kuona ni nini. Dada yangu, aliyekuwa akishika sikio vilevile kila akibanwa kwa swali, alikuwa anajichora mwenyewe.

Ndiyo, dada yangu. Haya, nimeshasema. Hadithi zilikuwa zake, penseli ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mtia wino tu: nafuata mstari wake kwa kalamu, wino ukikauka nachukua kifutio, nafuta penseli yote, ukurasa unabaki safi. Ndivyo kazi ile inavyofanywa, sikuwa naiba kitu. Tulifanyia kwenye meza ya mama, huku mama akitufukuza kila akitaka kuandaa chakula. Hatukuwa tumechapisha hata kimoja, maana dada alikuwa hatosheki. Kitabu cha nne kilipokwisha akaugua, na wiki tatu baadaye tukamzika.

Mchapishaji aliponiuliza, "Hivi ni vyako?" nikasema ndiyo. Neno moja tu, tena nikiwa na msiba. Kesho yake lilikuwa gumu kulirudisha. Mwaka uliofuata nilikuwa nalitetea kwenye redio.

Watu husema nilipanda ngazi, kutoka katuni mpaka kuandika filamu, mpaka ofisi yenye sekretari. Wapi! Nilikuwa naikimbia penseli. Kila nilipokaa kuchora kitabu cha tano, karatasi ilibaki nyeupe, na naapa kulikuwa na mtu nyuma ya bega langu anasubiri nianze. Kwenye kuandika filamu hakunifuata. Miaka kumi na tisa nikalala vizuri.

Baada ya siku ya sikio akarudi, safari hii kwenye chumba cha uhariri. Fundi Saa akigeuka kwenye skrini, ni yeye. Akinyamaza, ni yeye anavyonyamaza. Nikamwambia mhariri wetu, dada mmoja tunayemwita Mkasi, aondoe kila mahali panapoonekana lile sikio.

"Nikiondoa hayo yote, bosi," akasema, "tutabaki na milango na magari."

Siku ya mwisho, mchana, mama akaja kuitazama. Saa kumi filamu ilikuwa inatumwa, na baada ya hapo hata herufi moja isingebadilika. Mama hakupata kwenda shule, kusoma hajui, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Hazikupita dakika mbili akanishika mkono.

"Mwanangu, huyo ni dada yako."

Akalia, akacheka, akamtukana yule adui kwa sauti mpaka Mkasi naye akacheka. "Umemrudisha," akaniambia. "Mungu akuweke, baba. Nilijua wewe huwezi kumsahau." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Majina yakaanza kupita.

"La kwake lipo?"

"Lipo, mama."

"Nionyeshe."

Mkasi akasimamisha picha. Nikauchukua mkono wa mama, nikakiweka kidole chake juu ya jina kubwa lililokuwa katikati, peke yake. Mkasi akainamisha kichwa.

Mama akalipapasa taratibu, mwanzo mpaka mwisho.

"Hili ni lako," akasema. "Liko kwenye mabango sebuleni kwangu, nalipangusa vumbi kila Ijumaa. Nalijua kama ninavyoijua sura yako. La mwenzio liko wapi?"

Nikamwambia. Mchapishaji, lile neno moja, redio, yote. Hakunikatiza, hakulia, na afadhali angelia. Ilikuwa imebaki robo saa. Nikamwomba Mkasi anipishe kitini, nikaandika mwenyewe: hadithi na michoro, jina la dada yangu. Chini yake, kwa herufi ndogo, mtia wino, jina langu. Vidole vilikuwa vizito, lakini nilipomaliza nilivuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta tangu mazishi.

"Hili hapa, mama. La juu. Ni lake kweli, naapa."

Mama aliitazama skrini muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, vilevile, kwa muda mrefu. Akamgeukia Mkasi.

"Binti yangu," akasema, "hebu nisomee wewe."