Anayesoma Mpaka Chini

Watu wa siku hizi wakiona picha wanabonyeza moyo, wanapita. Mimi siwezi. Marehemu mume wangu alinifundisha kazi hii ya studio kwa ukali, na alisema picha usiyojua imepigwaje hujaiona, umeitupia macho tu. Ndiyo maana alipofungua kundi la wapiga picha mtandaoni, yeye na wanafunzi wake wa zamani, aliweka sharti moja: hakuna kuweka picha bila mipangilio yake ya kamera. Lenzi gani, kasi gani, tundu la lenzi limefunguliwa kiasi gani, mwanga kiasi gani. Ukifuta, unatolewa kundini na hakuna wa kukuombea msamaha.

Alifariki, sharti likabaki. Na mimi nikabaki na studio, na kiti cha wateja, na shuka jeupe ukutani, na chanuo lililofungwa kwa kamba kwenye kioo ili lisitembee. Zamani watu walikuwa wanagombea kile kioo. Sasa kila mtu ana studio mfukoni. Siku ikiwa njema anakuja mmoja wa picha ya kitambulisho, anakaa, ananuna kama sheria inavyotaka, anaondoka. Siku nyingine namsalimia huyo kwenye kioo ambaye ni mimi mwenyewe. Jamani, upweke una kelele. Unasikia mpaka saa ya ukutani inavyojikongoja.

Binti yangu hayo hayajui. Baba yake alimwita Tochi, kwa sababu tangu mdogo ndiye aliyemshikia taa. Ameolewa mji wa mbali na fundi wa friji, naye pia yumo kundini. Tukiongea Jumapili namwambia studio imejaa, hata pa kupumua sina. Naye ananiambia wao wazima, mume wake ananisalimu, yuko bafuni, yuko kazini, ametoka kidogo tu. Nilikuwa najisemea huyu mkwe anaoga sana.

Picha za Tochi ndizo zilikuwa chakula changu. Kila wiki anaweka moja: Tochi anacheka mezani, vikombe viwili mbele yake. Tochi dirishani na mwanga wa asubuhi shavuni. Chini anaandika, "Mwenye nyumba leo kashika kamera." Kundi zima linampongeza, wanasema mkwe wetu ameiva. Mimi nabonyeza moyo kama wao. Nilifurahi, na kusema kweli niliona wivu kidogo. Kuna mtu wa kumpiga picha akicheka. Mimi nikicheka anajua nani?

Sasa kundini kuna kijana mgeni tunamwita Ukungu, maana kila anachopiga kinatoka na ukungu. Anauliza maswali mpaka anachosha, lakini ndivyo kazi inavyoingia kichwani. Siku moja akauliza, mbona kwenye picha ya Tochi ya mezani nyuma kumelainika vile na uso umekaa wembe? Wakubwa wakamjibu ubabaishaji. Nikakasirika. Nikafungua mipangilio ya ile picha nimjibu mwenyewe, maana majibu yote yamo mle, ni uvivu tu wa watu kuyasoma.

Tundu wazi kabisa, nikamwandikia. Lenzi ndefu, mtu amekaa mbali na ukuta. Nikaendelea kushuka, kule chini ambako hafiki mtu, penye mambo ya aina ya betri na sauti ya kitufe. Pale pameandikwa picha ilipigwaje. Ilipigwa kwa taima, ile ya kamera kujibonyeza yenyewe. Sekunde kumi.

Kwanza sikujali. Nikasema labda mkwe anaogopa kuitikisa kamera. Halafu nikakumbuka mkwe wangu ni nani. Yule bwana hajui tundu la lenzi ni mdudu gani. Anabonyeza kama anapigilia msumari. Picha alizompiga Tochi mwanzoni mwa ndoa zimepinda, kichwa kimekatwa, kidole chake kimo pembeni kama mgeni mwalikwa. Nikazifungua zile za zamani: kila kitu kamera imejichagulia, taima hakuna. Nikafungua za karibuni, moja baada ya nyingine. Taima. Taima. Taima. Tangu kabla ya mvua kubwa, hakuna mkono wa mtu uliomgusia mwanangu kitufe.

Nilikaa pale kwenye kiti cha wateja. Mwanangu anaweka kamera kwenye stendi, anakimbia kukaa, anatengeneza uso, anamchekea nani? Anachekea kioo cha lenzi. Nililia, sifichi.

Ningempigia simu papo hapo, lakini namjua. Tochi ni baba yake mtupu. Ukimuuliza uso kwa uso anajifunga kama konokono, na ukimfuata anahama na nyumba yake. Nikimwambia nimegundua, atasema Mama, mambo ya taima tu hayo, na Jumapili itakayofuata hatapokea. Nami nina mtoto mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli, lakini huyo anayeumwa na kunguni nimemzaa mimi. Nikimpoteza kwa mdomo wangu sina mwingine wa kunipigia Jumapili.

Wiki ikapita nikiwa kimya. Akaweka nyingine, amesuka nywele, vikombe viwili tena. Nikashindwa hata kubonyeza moyo.

Mchana mmoja nikafunga mlango wa mbele, si kwamba kulikuwa na foleni ya kuizuia. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikaipanga, nikawasha taima, nikakimbilia kiti. Ya kwanza ilinipata nikiwa nimeinama, makalio yamejaa fremu. Ya pili nimefumba macho. Magoti yangu si ya kukimbizana na taima. Mwishowe nikapata moja nimekaa vizuri, natabasamu, kifua kinapanda na kushuka. Nikaiweka kundini pamoja na mipangilio yake yote, nikaandika: "Wateja wamejaa leo. Mmoja kanipiga."

Pongezi zikamiminika. Mama hazeeki, Mama studio inalipa. Ukungu akauliza taa niliiweka upande gani. Hakuna aliyeuliza lingine. Nilisubiri nikiwa nimeshika simu mkononi, nikiogopa Tochi naye atapita kama wengine.

Akapiga.

"Mama, nani kakupiga?"

"Mteja."

"Mteja gani huyo wa sekunde kumi?"

"Ndugu yake yule anayekupiga wewe," nikasema.

Akaanza kucheka, na kicheko kikakatika katikati. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Nikamwacha.

Akanieleza taratibu. Mume wake aliondoka kabla ya mvua. Hakuna ugomvi, hakuna mwanamke mwingine anayemjua. Alisema tu amechoka, akabeba vifaa vyake vya kazi, baadaye akarudi kuchukua sofa. Ndiyo maana siku hizi anapigia picha mezani. Nikamuuliza na kile kikombe cha pili. Akasema anakijaza maji tu, kikombe kimoja kinaonekana vibaya kwenye picha.

Hapo hasira zangu zikanipanda, hasira za mzazi, zile zinazokuja kwa sababu huna la kufanya. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamuuliza amewezaje kukaa miezi yote hiyo akinidanganya, mimi mama yake, kama vile mimi ni jirani wa kuombwa chumvi.

"Sikukudanganya, Mama," akasema. "Nilikwambia kila wiki. Ningetaka kuficha, ningemwita jirani abonyeze. Nilijua humo kundini kuna mtu mmoja tu anayesoma mpaka chini. Nikawa nasubiri uulize. Wewe ukawa unaniletea moyo."

Maneno yale yalinikata. Kila wiki mwanangu amebisha hodi, na kila wiki nimemjibu kwa kidole gumba. Nikataka kujitetea kwamba studio ilikuwa imejaa, ulimi ukagoma, maana na huo ni uongo aliokwisha kuusoma. Aliuliza polepole kama kweli kuna mteja hata mmoja. Nikamwambia hakuna. Tukabaki tunasikilizana tunavyopumua, yeye kwenye chumba kisicho na sofa, mimi chini ya taa za studio zisizomwangazia mtu.

"Nakuja," nikasema.

"Usije, Mama. Nimejikaza mpaka leo. Ukija nitalia."

"Basi utalia nikiwepo."