Neli ya Ernestine

Neli ya kioo ilikuwa kifuani pangu, chini ya blauzi, ikinywa joto la mwili wangu kama kitoto kichanga. Mbele yangu vijana wa Katanga walikuwa wameziba mlango wa stesheni ya Kolwezi kwa benchi, wakipekua mizigo ya Wakasai: sufuria, cherehani, picha za arusi. Watu waliozaliwa mjini humu, ambao baba zao waliichimba shaba yake, mwaka ule wa 1993 waliambiwa warudi kwao Kasai.

Miongoni mwao alikuwa Ernestine Kabongo, mkuu wa maabara ya hospitali yetu. Kwa muda mrefu alikuwa amefuatilia usaha wa vidonda vya wachimbaji wa mgodi wa Mashamba, vidonda vya miguu vilivyokataa kila dawa. Ndani yake alikuta bakteria wa umbo la fimbo fupi. Tuliwapaka rangi, tukawatazama kwa darubini, tukawalisha sukari za kila aina. Majibu yao hayakulingana na ya spishi yoyote vitabuni. Walikuwa wapya. Lakini katika kazi yetu spishi haipewi jina kwa maelezo matupu. Sharti mbegu yake iwe hai, ili wengine nao waipime. Bakteria hao waliuawa na baridi, na umeme wa bwawa la Nzilo ulikuja na kuondoka upendavyo. Kabati la joto lilipozimika, tuliwabeba kifuani kwa zamu.

Tena desturi ya fani hairuhusu mgunduzi aipe spishi jina lake mwenyewe. Mimi ndiye niliyetaka waitwe kwa jina la Ernestine.

“Hapana, yaya,” alinikatalia, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake. “Tutabaita ba Kolwezi. Mi nilizaliwa hapa.”

Alipofukuzwa nyumbani kwake, neli moja tu ndiyo iliyokuwa ingali hai. Mkurugenzi mpya wa hospitali, Henri, alikuja maabarani, wala hakuketi.

“Mama Laurentine, ile neli ya yule Mkasai, uichome. Kazi yao iishe pamoja nao.”

“Sitaichoma.”

“Ni amri.”

“Nimeisikia.”

Nikavua koti jeupe, nikaiweka neli kifuani, nikaenda stesheni kwa miguu.

“Mama, unaenda wapi?” kijana mwenye kofia nyekundu alinizuia. “Treni hii ni ya ba-Kasai.”

“Aka! Huyu ni mama wa laboratware,” mwenzake akacheka. “Alinichomaka shindano mu kidole!”

“Na mu kifua iko nini? Toa! Kitu ya Katanga haitoke!”

Nikaitoa neli, nikaiinua wote waione, kidole gumba juu ya kizibo.

“Umesema kweli,” nilimwambia. “Hii ni mali ya Katanga. Imetoka katika kidonda cha mchimbaji wa Mashamba, na vijidudu vyake vilimla mguu mpaka ukakatwa. Haya, nani kati yenu ataitunza? Wewe wa kofia, nyosha mkono.”

Mkono wake ulikwenda nyuma ya mgongo. Benchi likasogea bila mtu kuamuru.

“Mama, rudisha mu kifua,” alisema kwa sauti ya chini.

“Baende nayo!” mwingine akapaza sauti kutoka nyuma. “Baende nayo yote!”

Ndani ya stesheni, Ernestine alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, amekonda, kitenge kimefungwa kwa unadhifu uleule. Nilimtia neli mkononi. Akaifumbata kwanza, kabla ya kuitazama.

“Iko hai?”

“Iko hai.”

“Kule Kasai masista ba hospitali bako na umeme. Nitapanda upya.” Akaificha chini ya blauzi yake.

“Na jina?” nilimwuliza. “Bado unataka la mji huu?”

Aliwatazama wale vijana mlangoni, mmoja baada ya mwingine.

“Sasa ndiyo nalitaka zaidi, yaya. Atakayelisoma atauliza ni nani alibapata mu Kolwezi. Na batamujibu.”

Asubuhi iliyofuata Henri alinikuta kazini.

“Neli iko wapi?”

“Imesafiri.”

“Na nani?”

“Na mwenyewe.”

“Unajua ninaweza kukufukuza?”

“Unifukuzie wapi, Tata Mkurugenzi? Mimi kwetu ni hapa.”

Hakuondoka. Wagonjwa walikuwa wamejaa barazani, umeme haukuwapo, na yeye alikuwa amesimama baina ya dirisha na darubini. Nikamwomba asinizibie mwanga.