Mto Uliobaki Juu

Jovia alipewa siku moja tu ya kujaribiwa. Kwa miezi minane alikuwa akifagia karakana ya mzee Khelef kule Ras Al Khor, katika nchi ya Waarabu, wanakotengeneza modeli za nyumba na miji, huku roho yake iko kwenye meza ya rangi. Leo mpakaji rangi kaondoka kurudi kwao, kazi inatakiwa alasiri, na Khelef akamwambia waziwazi: ukiipatia, meza ni yako, ukiiharibu, tusisumbuane tena.

Kazi yenyewe ilikuwa modeli ya kufundishia shuleni: nchi tambarare ya mashariki ya Uingereza. Zama za kale barafu nene iliilalia na kuikwangua, ikaacha bonde pana. Bonde likawa kinamasi, kisha watu wakakikausha wapate kulima. Katikati ya mashamba ulipita mgongo mwembamba wa ardhi, ukipindapinda. Kwenye ramani ya mteja uliandikwa: mto wa kale.

"Mto ni buluu," alisema Khelef. "Na huo mgongo uupige msasa kwanza. Ushaona wapi mto ukapanda juu ya mashamba?"

"Nyumbani, sir. Kigezi. Kinamasi kikikaushwa, udongo wake unanywea, unashuka. Lakini mchanga wa mto haushuki. Mto ukishakufa, ndiyo unabaki juu."

"Usiniletee hadithi, dada. Buluu, yalla!" Akaenda zake kuswali.

Sasa hapo mtu mwenye kujipenda angepaka buluu, yakaisha. Jovia aliogopa, tena sana. Lakini kichwa chake kigumu, na uongo ule ulimkera. Akapaka kahawia, akachukua vijumba vyote vilivyobaki kwenye kikopo, akavibandika juu ya mgongo, maana watu hujenga palipo pakavu.

Khelef aliporudi aliduwaa. "Umenimaliza!" Akanyakua msasa aanze kukwangua, mara mlango ukafunguliwa, mwalimu Lamees akaingia kuchukua kazi yake. Wazazi wake ni wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili kwake si kigeni.

Aliinama juu ya modeli. Jovia alitamani ardhi immeze.

"Nani kakuambieni kwamba watu hujenga juu ya mto uliokufa?" aliuliza mwalimu. "Mimi sikuliandika hilo."

Khelef alimnyooshea Jovia kidole upesi, lawama isije ikamwangukia yeye.

"Kwetu juu ya mto ndipo tulipojenga choo, madam," alisema Jovia. "Kwingine kote kunazama."

Lamees alicheka hadi akashika meza. "Na kule Uingereza ni hivyohivyo, wallahi! Nyumba zimekaa juu ya mito iliyokufa. Nataka jina la dada huyu liandikwe kwenye modeli. Huyu ni nani hapa?"

Khelef alikohoa. Alivitazama vijumba, akautazama msasa, akautia mfukoni.

"Huyo ni Jovia," alisema. "Mpakaji rangi wetu."

Jovia alifurahi mno.

"Ila hilo la choo, mwalimu," Khelef aliongeza, "tusiliandike."