Swichi Mbili na Kishindo Kimoja

Kwa miaka ishirini na sita watu wa machimboni wameniita Mzee Kishindo, na jina hilo nililitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe. Hadithi yangu ilikuwa hivi. Lori langu, limejaa kokoto mpaka ukingoni, lilizama kwenye tope hadi tumboni. Tairi moja la nyuma likawa linazunguka bure, linarusha matope juu mpaka yakampiga kunguru aliyekuwa anapita na safari zake. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho, na tairi likiwa bado linanguruma, nikabonyeza swichi ya loki, ile ya kufunga matairi yazunguke pamoja. Pakatoka kishindo kikubwa hata mwalimu wa shule ya ng'ambo ya bonde akawaamuru watoto waingie chini ya madawati. Lori likaruka kama mbuzi aliyeona chui, likatua juu ya kilima, na kokoto hata moja haikudondoka.

Kunguru nilimwongeza mwaka wa tatu. Mwalimu alikuja baadaye.

Kishindo chenyewe, hicho kilikuwepo. Aliyejua kilitoka wapi ni mtu mmoja tu mbali na mimi: Fundi, ambaye mpaka leo ndiye mwenye karakana, na ambaye huongea mara mbili kwa siku, moja ikiwa ni salamu.

Binti yangu wa mwisho alikulia ndani ya hadithi hiyo. Akiwa mdogo alikuwa akinisahihisha nikiruka mahali. Alipokua akaajiriwa palepale machimboni kuendesha gari la maji, lile dogo la kuimwagia barabara maji ili vumbi litulie, na mwaka wa nne akachoka kuogesha barabara. Alitaka lori kubwa, lenye ekseli mbili za nyuma zinazosukuma. Msimamizi akakubali kumjaribu, kwa masharti mafupi: apande mteremko wa nyuma na mzigo kamili, asubuhi baada ya mvua, bila kuvutwa na bila kuvunja kitu. Akiweza, funguo ni zake. Akishindwa, arudi kwenye maji yake na asimsumbue tena.

Asubuhi ya jaribio tulikunywa chai pamoja. Nilimuuliza kama ana wasiwasi, akanicheka. Akasema hata akikwama, la kufanya analijua tangu akiwa darasa la pili. Nilijaa sifa kama puto, wala sikumuuliza ni lipi hilo.

Basi nikaenda kutazama. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni mwa mteremko, juu kidogo ya penye tope, Fundi kando yangu, Msimamizi mbele yetu na daftari lake. Msimamizi akanitania, eti leo awaonye kunguru wasipite. Nikamwambia awaonye na walimu.

Lori likaanza kupanda. Nilimtazama mwanangu anavyoshika usukani, bila papara, na nikajua kuwa mkono anao. Katikati ya mteremko, penye tope jekundu, tairi la nyuma upande wa kushoto likateleza.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana wengi huendesha malori bila kujua kinachoendelea chini yao. Difu, yaani kile kisanduku cha gia katikati ya ekseli, ina ukarimu wa kijinga. Kazi yake ni kuyaacha matairi yazunguke kila moja kwa mwendo wake, ili lori likate kona bila kujikwaruza. Lakini tairi moja likiingia kwenye utelezi, difu hulimwagia hilohilo mzunguko wote, na yale yaliyokanyaga pagumu yanabaki yamesimama kama wageni wasiokaribishwa. Ndiyo maana kuna swichi mbili. Ya kwanza ni loki ya kati, inazifunga ekseli mbili zisukume pamoja. Ya pili inalifunga tairi la kushoto na la kulia yazunguke kama kitu kimoja. Na zote zina sharti moja: hufungi kitu kinachozunguka kwa hasira.

Injini ikapanda sauti. Nikasubiri ashushe mafuta. Hakushusha. Ikapanda tena, matope yakaruka, na kupitia kioo nikaona bega lake linainama kuelekea dashibodi.

Ndipo nikakumbuka ile chai. Darasa la pili!

Nilikuwa na miaka sabini na goti moja zima. Sijui nilishukaje. Kiatu cha kushoto kilibaki kwenye tope, nami nikaendelea bila hicho, nikipiga mlango wa lori kwa kiganja mpaka akashusha kioo.

"Toa mguu!" nikasema. "Usiguse swichi."

"Baba, ndiyo nafanya kama wewe. Likishika litaruka."

Nikageuka. Msimamizi alikuwa amenifuata hadi hatua tano kutoka kwangu. Wapasuaji mawe wote walikuwa wameacha nyundo. Ningeweza kumnong'oneza, lakini injini ilikuwa inanguruma na muda haukuwepo.

"Halikuruka, mama. Nilivunja difu. Kile kishindo kilikuwa cha meno ya gia. Nilivutwa na trekta la kubebea nyasi, na aliyeliendesha alikuwa anakula muhindi."

Akanitazama usoni. Kisha akatoa mguu. Tairi likapunguza mwendo, likasimama, na pale machimboni pakawa kimya hata nikasikia soksi yangu inachuruzika.

Sikumwambia mengine, maana hakuhitaji. Aliliacha lori lirudi nyuma taratibu hadi penye changarawe, akalisimamisha. Akabonyeza loki ya kati, taa ikawaka. Akabonyeza ya pili, akaliacha lijongee kidogo mpaka taa yake nayo ikawaka. Gia ndogo, mguu mwepesi, usukani umenyooka. Matairi yote ya nyuma yakauma ardhi kwa pamoja, na lori likapanda kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Juu, kabla ya kona ya kwenye mashine ya kusaga mawe, akafungua loki zote mbili, akangoja taa zizimike, ndipo akakata. Angekata zikiwa zimefungwa, lori lingemburuta moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mashine hiyo.

Msimamizi alifunga daftari. Akapaza sauti akisema jaribio hilo haliwezi kuhesabiwa, dereva amefundishwa njiani na mtu mwenye kiatu kimoja.

"Nashuka, nipande tena," binti yangu akamjibu. "Baba akae kwenye ndoo."

Nikakaa. Safari hii alifunga loki chini kabisa, kabla hata ya kugusa tope, na akapita palepale alipoteleza kama vile pamewekwa lami. Msimamizi alitembea hadi juu kwa miguu yake kumpa funguo.

Fundi aliinuka akaenda karakana. Alirudi na kipande cha chuma cheusi, kikubwa kama gumba, ambacho kwa miaka yote hiyo nilikiona juu ya meza yake kikikandamiza karatasi, wala sikuwahi kukiulizia. Lilikuwa jino la gia. Akampa binti yangu.

"La baba yako," akasema. Hiyo ilikuwa mara ya pili kwa siku hiyo.

Leo jino hilo limebandikwa kwenye dashibodi yake, katikati ya zile swichi mbili. Mimi bado naitwa Mzee Kishindo, jina halikutoka. Hadithi ndiyo imebadilika. Sasa nasimulia jinsi nilivyoshuka mteremko ule kwa kasi mpaka kiatu kikashika moto, nikalazimika kukizima kwenye tope.

Juzi binti yangu alinisikia nikiwasimulia madereva wapya. Akaegemea mlango wa lori lake, akaniuliza mbele yao wote ni kipi humo cha kukiamini.

Nikamwambia cha kuamini ni loki, zifungwe matairi yakiwa yametulia. Kiatu aniachie mwenyewe.