Hati ya Upande wa Kulia

Harlan Tidwell alikuwa mwepesi wa kuamini watu, na hata kule Alabama wepesi huo una gharama. Aliponunua nyumba kuukuu ya kuvutwa na lori kutoka kwa Cleon Stagg, hakwenda ofisi ya kaunti kuulizia hati. Aulizie nini, ilhali yeye na Cleon waliimba kwaya moja? Walipeana mikono nje ya kanisa, wakala kuku wa kukaanga, yakaisha.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vipande viwili vilivyokazwa kwa boliti katikati. Nyumba za aina hiyo kila kipande kina hati yake, kama gari. Cleon alimpa hati moja. Harlan akaona muhuri, akatosheka. Akiba yake yote ya kazi ya uchomeleaji iliishia hapo, kwani benki zilikataa kukopesha kwa nyumba ya umri ule. Laiti zingekubali, zingeuliza hati ya pili iko wapi.

Alitaka jambo moja tu: kumtoa mama yake, Bi Ottie, kwenye makao ya wazee. Kiangazi kizima aling'oa mbao zilizooza. Chumba cha mama akakiweka upande wa kushoto, kwenye jua la asubuhi, akakipaka rangi ya manjano.

"Harlan, humu nitakufa kwa raha," mama alisema siku aliyohamia.

"Kufa nini, mama! Hata maharage yangu hujayaonja."

"Si ndiyo hayo yatakayoniua?"

Mwezi haukuisha, lori likaingia uani. Akashuka bwana mnene wa kampuni ya mikopo.

"Kaka, samahani. Tumekuja kuchukua nyumba."

"Nyumba ipi? Hii nimeilipa yote. Hati hii hapa."

Yule bwana akaisoma mara mbili. "Hii ni ya kulia. Ya kulia ni yako, hakuna ubishi. Ya kushoto Cleon Stagg aliiweka rehani kwetu, na kulipa ameacha."

"Ndugu yangu, nyumba ni moja!"

"Kwa macho, ndiyo."

Harlan akampigia Cleon simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii ilikuwa joho la kwaya. Cleon alilia. "Nilidhani nitamaliza deni kimyakimya, kaka. Halafu mke wangu akalazwa." Harlan alitafuta tusi la kumtukana, akalikosa.

Boliti zikafunguliwa. Chumba cha manjano kikaondoka kikiyumba barabarani.

Bi Ottie alikuwa ameketi jikoni, koti mwilini, mkoba mapajani. "Nirudishe makaoni, mwanangu. Pengine kitanda changu hawajampa mtu."

Harlan alitaka kukataa. Lakini jikoni palikuwa hapana ukuta tena, baridi ya Novemba ilikuwa inapita, na mama alikuwa anatetemeka. Akawasha gari. Alilia njia nzima, na mama akajifanya anatazama mashamba.