Mikono ya Nyevu

Mimba ya Kahonzi ilikaa hata watu wakachoka kuhesabu. Masika yakaja yakaenda, mahindi yakavunwa, vuli nayo ikapita, na tumbo lingali pale pale, limejaa tele, wala halina dalili ya kumtoa mtu. Wanawake wa kijiji cha Tezo hawakushangaa sana. Walisema mimba imelala, na mimba iliyolala huamka siku yake. Wewe ungesema nini? Hapakuwa na aliyejua zaidi.

Aliyefurahi kuliko wote ni Nyevu, mama mkwe wake. Mtoto wa kwanza akiwa mwanamume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na babu huyo, marehemu Mwambire, ndiye aliyekuwa mume wa Nyevu. Basi kila asubuhi bibi yule, jembe begani, alikuwa akisimama mbele ya tumbo la mkaza mwanawe na kulipigia hodi. "Mume wangu, hujambo humo? Toka basi, shamba limejaa magugu nawe umelala tu!" Kahonzi alikuwa akicheka mpaka akashika ukuta. Naye akiwa peke yake alimwita mtoto kwa jina hilo hilo.

Kisha maumivu yakaja, wala hayakuwa ya kuzaa. Kaka yake Dzombo, mchukuzi wa bandarini Mombasa, alikuja kumjulia hali akamkuta hali si hali, akampeleka hospitali. Huko daktari wa Kizungu alimnusisha dawa ya usingizi, akampasua, akatoa uvimbe uliojaa maji, mkubwa kama boga. Mtoto hakuwamo. Hakuwamo tangu mwanzo.

Alirudishwa Tezo kwa machila, mshono umeshikana kwa juu. Mumewe, Thoya, alikuwa kibaruani kwenye shamba la mpira upande wa Malindi, hata habari hana. Dzombo akamweleza Nyevu maneno ya daktari, mbele ya watu: asibebe mtungi, asitwange, asifungwe nguo ya kubana, na tumbo lisiguswe na mtu mpaka mwezi uandame mara mbili, maana ndani bado kubichi. Jeraha likiwaka moto au likitoa usaha, arudishwe mbio. Akishasema hayo, Dzombo akaenda zake kazini.

Loo, upweke wa nyumba ile! Angekuwa amezaa, pasingepitika: huyu na kuni, yule na uji, na umbeya wa kila mtu. Lakini huyu amerudi hana tumbo, hana mtoto. Utamwingia kwa maneno gani? Hongera haifai, na pole haina kaburi. Watu wakaona heri wapite mbali. Maji yaliachwa mlangoni bila hata kubisha. Kahonzi alilala kitandani akihesabu boriti, na kila akikohoa alikandamiza nguo iliyokunjwa juu ya mshono, kama alivyofundishwa. Jua likipoa alijikongoja uani kidogo, akarudi. Aliwasikia wenziwe wakitwanga kwa zamu na kucheka, akatamani hata kutukanwa.

Wengine walinong'ona kwamba Wazungu wamemwiba mtoto. Nyevu hakunong'ona. Hakusema lolote, wala hakukanyaga mlangoni, na hilo ndilo lililomchoma Kahonzi zaidi.

Asubuhi moja ikaja hodi. Alikuwa Nyevu, na nyuma yake majirani wawili, Mbeyu na Lewa, wamechukua chungu cha maji moto, mafuta ya mbarika na kitambaa kirefu cha kufungia tumbo. Nyevu ndiye aliyewakanda wazazi wote wa pale. Hakuna mwanamke aliyejifungua asipite mikononi mwake.

"Nimechoka kukaa kwangu nikisema na ukuta," Nyevu alisema. "Tumbo likishatoa kitu hukandwa, likafungwa. Ukiliacha hivi litabaki wazi, na mwingine hutampata. Lala chali."

"Pole na uzazi, mwenzetu," Mbeyu akaongeza kwa upole.

Neno hilo lilimvunja Kahonzi nguvu. Tangu arudi, hakuna aliyemwita mwenzetu. Alijua vizuri daktari alisema nini. Lakini mikono ile ilikuwa imewafanya wanawake wote wa pale kuwa mama, na yeye aliitaka, aliitaka mno. Akalala. Jamani, akalala kweli!

Nyevu akapasha viganja vyake joto, akapaka mafuta, akaviweka chini ya kitovu, akaanza kusukuma. Kitu kikavuta ndani, kirefu, kikali. Kahonzi akamkamata mkono.

"Mama, usikande."

"Wazazi wote hulia hapa. Vumilia."

"Mimi si mzazi." Sauti ilimtoka ndogo, kisha ikapanda. "Sikuzaa, mama! Mwambire hakuwamo. Nilimwita kila siku, na hakuwamo. Ukinikanda utanipasua, nife kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwako."

Mbeyu akamtazama Lewa. Hao wakainuka, wakatoka kimya kimya. Kahonzi akafumba macho akingoja hatua za mtu wa tatu, ili abaki peke yake kama jana na juzi.

Hazikuja. Nyevu alikuwa ameuinamia mshono, anautazama kwa mara ya kwanza.

"Wamekushona kama gunia la mtama," akasema. Akakivuta chungu mpaka mwisho wa kitanda. "Na miguu? Daktari wako ameikataza?"

"Hakuitaja."

"Basi hana la kuniambia."

Akaiosha kwa maji moto, akaikanda kwa mafuta, nyayo na vidole, kimoja kimoja. Kahonzi akalia.

"Polepole, utautikisa mshono," Nyevu akamkemea. Akaendelea kukanda. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Ulidhani unamngoja peke yako? Mume wangu nimempoteza mara mbili, mwanangu. Mara hii hata matanga sikukaa."

Nje michi ilikuwa imeanza tena kutwanga.

"Basi tukae leo, mama," Kahonzi akasema.

Nyevu akajipangusa mikono. Akakichukua kile kitambaa alichokuja nacho cha kufungia tumbo, akakitandika chini kando ya kitanda, akaketi.